Mwenye Funguo za Bohari

Sisi tuliozaliwa Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya mwaka 2012, tulilelewa na simulizi za Vita vya Kagera. Kwa mtu aliyekaa Murongo na kuitazama Uganda ng'ambo ya mto, vita hivyo si habari za mbali. Hata hivyo, wengi wetu husimulia kana kwamba mambo yalianza Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Missenyi na kuteka ardhi hadi Kyaka. Ninapofundisha, huwarudisha wanafunzi nyuma zaidi, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Congo.

Mwaka 1964 waasi wa Simba walikuwa wakipigana na serikali ya Moïse Tshombe. Waziri Mkuu wa Uganda, Milton Obote, aliwaunga mkono, na kazi ya kuwafikishia silaha na mahitaji akampa Amin, aliyekuwa naibu kamanda wa jeshi. Waasi walikuwa na dhahabu na pembe za ndovu za kulipia. Shughuli yote ilikuwa ya siri. Hapakuwa na mkaguzi wa kuuliza kilichoingia na kilichotoka.

Tarehe 4 Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alitaka Amin asimamishwe kazi ili akaunti yake ya benki ichunguzwe. Tuhuma zikamgusa Obote mwenyewe. Bunge liliafiki hoja hiyo. Tarehe 22 mwezi huohuo Obote aliwakamata mawaziri wake watano kikaoni, akaisimamisha katiba. Tume ya majaji ilipoketi kusikiliza ushahidi, Amin alikuwa tayari amekabidhiwa uongozi wa jeshi. Tarehe 25 Januari 1971 akampindua aliyemkabidhi.

Amin hakuwa na cheo cha afisa ugavi, lakini alishika funguo za bohari, na pamoja nazo alishika siri ya mkubwa wake. Obote hakuweza kumhoji bila kujihoji mwenyewe. Hapo ndipo ugavi ulipogeuka kuwa siasa.

Ndugu zangu watumishi wa umma, leja ya bohari na saini ya mkaguzi huonekana makaratasi ya kuchosha. Mtu akiwaambia zifungwe kwa sababu ya usalama wa taifa, kumbukeni Kampala ya 1966. Mkulima aliyeikimbia migomba yake Missenyi huenda hakuwahi kulisikia jina la Ocheng, lakini alikuwa miongoni mwa waliolipia swali lililocheleweshwa.