Bunduki Haikuwa Mbovu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba bunduki yangu ilikuwa mbovu, na nilimwambia hivyo kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Nilikuwa kijana, askari wa wanyamapori, nimepangwa katika kikosi cha kufukuza ndovu na nyani mashambani upande wetu wa Ronge, huko Taita. Wenzangu walibeba bunduki aina ya G3. Mimi nilikabidhiwa bunduki ya marisau, ile inayokokiwa kwa kuvuta mkono wa mbele kuja nyuma, kisha kuusukuma urudi.

Aliyelima Ronge Nyika anaijua kazi ile. Tsavo ilifanywa mbuga mwaka 1948, uwindaji ukapigwa marufuku nchini mwaka 1977, na mwenye shamba akiona ndovu wameingia kwenye mahindi na pojo yake, anaita askari na kungoja. Unafika usiku, watu wamesimama wakigonga mabati, na wote wanakutazama wewe. Nilitakiwa kupiga hewani tu. Risasi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili, mara nyingi, haikuja. Ganda tupu lilisimama mlangoni, risasi mpya imelikaba kutoka chini, na mkono wa mbele umeganda katikati. Nilivuta, nikasukuma, nikatukana. Akina mama walikuwa pale wakisikia.

Sikumuuliza mtu. Nilijiona mtunzaji hodari wa silaha, maana kila jioni niliimiminia mafuta mpaka yakachuruzika. Vumbi la kwetu ni lile lile jekundu linalowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Likikutana na mafuta mengi linakuwa tope. Nilikuwa nikipika tope ndani ya bunduki yangu kila siku, huku nikimlaumu aliyeitengeneza.

Jioni moja tulirudi kambini risasi imekwama kwenye chemba, haitoki wala mkono wa mbele hauvutiki. Nilisimamisha bunduki, nikaanza kugonga kitako chini ili kuilegeza. Kidole changu kilikuwa pahali ambapo hakikupaswa kuwa. Ikalia. Marisau yakapasua ukingo wa paa juu ya mzee mmoja wa kikosi chetu aliyekuwa ameketi akimenya viazi. Alijipapasa kichwa, akautazama mkono wake. Hapakuwa na damu.

Tulimwita Mghosi, kama tunavyowaita wazee wetu Taita. Hakupiga kelele. Alisema, "Ilaze chini. Mtutu uangalie kile kichuguu." Kisha akaenda kuandika kwenye daftari la silaha, kwa kuwa kila risasi ilitolewa hesabu. Aliandika yote kama yalivyotokea, na nikaanza kufungasha nguo zangu. Mkubwa wetu alipouliza kijana huyu afanywe nini, mzee akaomba niachwe mikononi mwake. Sikuwa nimemwomba anitetee. Hata samahani sikuwa nimeitamka.

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Ungeondoka hapa ukiamini bunduki ndiyo mbaya."

Alianza kwa kuninyang'anya risasi za kweli. Alinipa bandia, zisizo na baruti, akaniambia nikoki huku yeye akisikiliza amefumba macho. Akasema ninavuta nusu. Mkono wa mbele usipofika mwisho kabisa, ganda tupu halirushwi nje, na risasi inayofuata inapanda na kukuta mlango una mtu. Ikiwa unarusha ganda lakini risasi mpya haipandi, tazama bomba lililo chini ya mtutu: huenda springi imechoka au imeshika kutu. Na unapojaza, sukuma kila risasi mpaka usikie kijino kikiikamata, la sivyo itateleza irudi. Nilikuwa naijaza kama anayetupa sarafu kwenye kopo.

Kisha tukazitazama risasi zenyewe. Zangu nyingine nilizibeba tangu mvua za mwaka uliotangulia, ndani ya mfuko uleule wa koti lililolowa katika ukungu wa Ronge Juu. Kitako cha shaba kilikuwa na kutu ya kijani na ganda limevimba kidogo. Kidogo hicho kinatosha kuikwamisha kwenye chemba. Alinionyesha pia maandishi kwenye mtutu: chemba ya milimita 70 haipewi risasi ya milimita 76, hata kama inaonekana kuingia, kwa sababu inapofunguka wakati wa kulia inakosa nafasi, na nguvu yote inaweza kukurudia usoni.

Mengine alinifundisha kwa ukali zaidi. Ukifyatua ukasikia mgongano wa chuma tu, usifungue haraka. Mtutu ubaki upande salama, hesabu polepole hadi 30, maana baruti nyingine huchelewa kushika. Mlio ukiwa hafifu, acha kupiga, toa risasi zote, uhakikishe hakuna kilichobaki ndani ya mtutu. Na kitako hakigongwi chini. Hilo alilisema huku akilitazama paa.

Usafi wenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani: kufuta kwa kitambaa kikavu, tone la mafuta pale chuma kinaposuguana na chuma, basi.

Nakuandikia wewe ambaye labda una leseni na unailaumu bunduki yako, kwa sababu sikupona kwa siku moja. Mafuta na risasi kuukuu vilikuwa rahisi kurekebisha. Kuvuta nusu kulitokana na woga, na woga haufutwi kwa kitambaa. Ndovu akipiga baragumu gizani, karibu, mikono yangu ilitetemeka hadi mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilijifunza tu kuvuta mpaka mwisho na mikono hiyohiyo inayotetemeka. Usiku mwingine nilivuta nusu tena, ikakwama tena, na nikailaza mtutu ukitazama pori, nikasubiri mwenzangu apige badala yangu. Zamani nisingekubali aibu hiyo.

Mghosi alistaafu kabla yangu. Nilimbebea sanduku lake hadi barabarani kungoja matatu ya Voi, na hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kumwomba ile samahani. Akaniambia alidhani nilishaiomba.