Jumamosi tatu nilizomwacha baba na redio yake

Baba yangu ana miaka 71. Mwaka jana alimaliza kujenga Chanika na kuanza kuhama Ilala, alikopanga tangu sijazaliwa. Makochi, vitanda na vyombo viliondoka kwa kirikuu, safari mbili tu. Kikabaki kitu kimoja: redio yake.

Nikisema redio, usifikirie ile ya kushika mkononi. Ni amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1970 yenye kasha la mbao, mashine ya santuri, deki ya kaseti na spika mbili zinazomfika kifuani mwanangu wa miaka minne. Aliinunua kwa baharia mwaka 1981. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, hiyo ilikuja mwaka 1994. Marehemu mama alikuwa akinisimulia jinsi majirani walivyojaa barazani jioni kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab.

Baba alinipigia simu katikati ya wiki. “Mama, Jumamosi una nafasi? Njoo na mume wako tuitoe redio.”

Nilimwambia Jumamosi hiyo nina kazi, labda ijayo. Ijayo ikafika, mtoto akawa na homa. Ya tatu nilikuwa kwenye semina. Safari hiyo nikaongeza neno ambalo hadi leo linaniuma: “Baba, si uiuze tu kwa watu wa vyuma chakavu? Nitakununulia spika ndogo ya bluetooth.”

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, “Sawa, mama.”

Nilimuuliza pia kwa nini asiwaite vijana wa mkokoteni. Alishawahi kuwaita zamani, wakamvunjia kifuniko cha mashine ya santuri na kupinda mkono wa sindano. Tangu hapo hamwamini mtu asiyemjua.

Mwenye nyumba alikuwa anataka chumba chake mwisho wa mwezi. Jumatatu asubuhi baba aliinama peke yake, akaivuta amplifaya kutoka sehemu ya chini ya kabati na kujaribu kuinyanyua. Jirani alimkuta ameshika ukuta, hawezi kusimama wala kukaa. Mimi niliambiwa saa kumi jioni, tena na jirani. Baba mwenyewe alipopokea simu alisema, “Nimejinyoosha vibaya kidogo tu, endelea na kazi.”

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeshaandika kuhusu maumivu ya mgongo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Daktari alipouliza, “Alikuwa na nani wakati ananyanyua?” nilitazama chini.

Bahati nzuri ilikuwa misuli tu. Daktari alimwandikia dawa ya maumivu na kumkataza kulala kitandani siku nzima. Alimtaka atembee taratibu, kwa sababu mgongo ulioumia hupona vizuri zaidi mtu akiendelea kujongea. Akatutajia pia dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja: ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia au kutoa haja. Baba alichukua wiki sita kurudi katika hali yake.

Baadaye niliipima ile amplifaya: kilo 24. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani hutumia kilo 23 kama kikomo cha mtu mmoja kunyanyua, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na mnyanyuaji hajajipinda. Baba aliutoa karibu na sakafu, mikono ikiwa mbele, na mzigo unaposogea mbali na mwili kiuno hubeba zaidi. Isitoshe, ndani yake kuna transfoma ya chuma na shaba iliyokaa upande mmoja. Ukiinua katikati, upande huo unazama na wewe unajipinda kuufuata.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda watu wanne. Baba alikaa kwenye kiti akatuelekeza, na kumbe kila kitu alikuwa anakijua. Redio ilikuwa imechomolewa kwenye umeme tangu jana yake. Tulifungua nyaya na kuzibandika karatasi zenye namba. Sindano ya santuri tukaitoa, mkono wake tukaufunga kwa uzi. Santuri zilisimamishwa kwenye boksi, kwa sababu zikilazwa kwa wingi zile za chini hupinda, na tukaziwekea kivuli maana jua huzikunja. Kila spika ilibebwa na watu wawili, tukapiga magoti badala ya kuinama. Kwenye kirikuu tulitandika godoro.

Chanika tuliweka amplifaya kwenye meza fupi na imara. Spika zilisogezwa hadi ukutani na kufungwa kwa mkanda, nyaya zikapita nyuma. Mtoto wangu hupanda kila kitu, na spika nzito ikimwangukia mtoto inaweza kumuua. Kuhusu kuifungua, baba ameahidi kumwachia fundi, kwani vifaa vya ndani vinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Jioni ile aliiwasha. Upande mmoja ulikoroma kidogo, kisha sauti ikatulia. Mwanangu akauliza kwa nini ile sahani inazunguka, na babu yake akamweleza kwa nusu saa.

Nilimwomba msamaha baba kwa yale maneno ya vyuma chakavu. Alisema ameshasahau. Nadhani hajasahau.

Wiki iliyopita alipiga tena. Anataka kuhamisha kabati la marehemu mama kutoka sebuleni kwenda chumbani. Nilimwambia asiliguse. Jumamosi saa tatu asubuhi mimi na mume wangu tulikuwa mlangoni.