Mkono Mwepesi kwenye Kamba

Tulipokuwa watoto Goma, mbwa alikuwa wa kulinda uwanja au wa kuwinda, na shule yake ilikuwa fimbo. Akipita barabarani bila mwenyewe, tulimtupia mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, maana hapa kwetu mawe hayaishi. Mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga ilipoanzisha kikosi cha mbwa wa kufuata harufu kule Rumangabo, kaskazini mwa mji, watu walishangaa kuona walinzi wenye bunduki wakipiga magoti kuwasafisha mbwa masikio.

Mafunzo yaliongozwa na daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Mbwa wenyewe, bladihaundi, wana masikio marefu ya kuning'inia, ngozi ya uso iliyokunjamana, na uzito wa kilo 40 na zaidi. Kazi ilianza kama mchezo wa kujificha. Mtu anakimbia na kipande cha nyama, anajibanza nyuma ya mti. Mbwa ananusishwa nguo yake, kisha anaachiwa amtafute. Baadaye njia hurefushwa, saa huachwa zipite, nyayo za watu wengine hukatiza. Mwishowe hata mshika kamba haambiwi mtu amepita wapi.

Hapo ndipo mikono yetu sisi washika kamba ilipobadilika. Kamba hufungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Mbwa akiwa na harufu, kichwa kiko chini na kamba imekaza. Ikimpotea, huinua kichwa na kuanza kuzunguka. Wewe unasimama, unamlegezea, unangoja. Ukimvuta kuelekea unakodhani wewe, atakutii, na jangili amekwenda zake. Kwa watu tuliolelewa kuamini kwamba mnyama huamrishwa, kungoja kulikuwa kazi ngumu kuliko kupanda milima. Wapanda farasi wa shule ya upandaji farasi ya Vienna, iliyodumu zaidi ya miaka 400, hutumia miaka kwa farasi mmoja wakiutafuta mkono mwepesi wa namna hiyo.

Mwezi wa tatu 2012 tembo alikutwa ameuawa, pembe zimekatwa. Mbwa walifuata harufu kilomita 7 hivi hadi kijiji cha wavuvi. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini mbwa wanalishwa vizuri. Baadaye wakaletwa pia mbwa aina ya spanieli, wadogo na wepesi, wa kunusa pembe na silaha. Mtaani kwetu watoto wakaanza kuuliza jina la mbwa kabla ya kuokota jiwe. Mimi hilo nalihesabu kuwa ushindi mkubwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizito. Tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo, kisha vita vya waasi wa M23 vikarudi. Bado vijana wanataka kujifunza. Kijana mpya namfunga macho kwa kitambaa, namkabidhi kamba, mbwa anaanza kutembea. Namuuliza: kichwa kiko chini au juu? Anatakiwa anijibu kwa vidole vyake tu, na kabla hajajibu sawa hatutoki uwanjani.