Nani Aliujaza Mtumbwi?

Barua hii inatoka Brussels ikiwa na hasira kidogo. Kila mtumbwi unapozama Ziwa Albert, kati ya Congo na Uganda, simu za wana-Bunia, mji wa Congo karibu na ziwa hilo, walioko Ubelgiji hujaa sauti za nyumbani: pole, vilio, kisha mjomba asiyekosa neno: “Walijitakia. Nani aliwaambia wapande chombo kilichojaa?”

Mjomba huyo anapendwa sana huku, lakini kwa hili lazima ajibiwe.

Machi 2014 wakimbizi wa Congo waliokuwa Kyangwali, Uganda, walipanda mtumbwi wakirudi kwao. Ulikuwa umejaa kupita kiasi, ukapinduka. Serikali ya Congo ilitaja waliokufa 251. Mama mwenye mtoto mgongoni na furushi kichwani hakuupakia mtumbwi ule. Aliyejua nauli ngapi zimeingia mfukoni ni yule aliyezipokea.

Ubelgiji nayo ina msiba wake wa maji. Tarehe 6 Machi 1987 feri Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge milango ya mbele ikiwa wazi, ikalala ubavu, watu 193 wakafa. Mfanyakazi aliyepaswa kuifunga alikuwa usingizini. Uchunguzi haukuishia kwake. Ulipanda hadi kwa wakubwa wa kampuni, ukawalaumu nao kwa uzembe. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukatunga sheria kwamba kila abiria ahesabiwe kabla meli haijaondoka.

Isidhaniwe kwamba Wazungu wana akili kuwapita watu wa Tchomia, kwenye ufuko wa Ziwa Albert. Asubuhi hupanda tramu macho kwenye simu, nusu wamelala. Pale Kasenyi, ufuko uleule, wangeibiwa hata viatu! Ila yupo mtu anayelipwa kuwa macho kwa ajili yao, na akisinzia, huulizwa yeye.

Basi wenye mitumbwi waandike majina, orodha ibaki ufukoni. Mstari wa rangi uchorwe ubavuni, maji yakiufikia, mzigo usiongezwe. Majile ya uokozi yatolewe kwa nauli ileile. Abiria naye avae lake, hata kama linanuka samaki, na upepo ukichafuka asimshinikize nahodha aondoke. Hapo ndipo wajibu wake unapoanza. Asiyepewa jile asilaumiwe kwa kutolivaa.

Na mjomba? Ajali ikitokea tena, kabla ya kurekodi sauti aulize chombo ni cha nani, nani alikiruhusu kuondoka, na orodha ya abiria iko wapi.