Yai Juu ya Tawi Tupu



Mwaka 2023 padre mwenzangu anayefanya utume visiwani Shelisheli alinialika kwake. Siku moja tulivuka kutoka Praslin kwenda kisiwa cha Cousin (kichefuchefu cha bahari nisikielezee). Mashua yetu haikuruhusiwa kugusa ufukwe. Walinzi walitupokea majini kwa mashua yao, wakihofia kuwa panya angeweza kuingia pamoja nasi.

Kisiwa hicho hakifiki hekta 30. Kiliponunuliwa kwa ajili ya hifadhi mwaka 1968, kilikuwa shamba la minazi, na ndani yake walisalia ndege wasiofika 30 wa jamii moja ya waimbaji wadogo, ambao hawakupatikana penginepo popote duniani. Minazi ikaondolewa, msitu wa asili ukarudi. Mwaka 1988 ndege 29 walihamishiwa Aride, na baadaye wengine Cousine, Denis na Frégate. Leo wanahesabiwa kwa maelfu, na wengi huvishwa pete za rangi miguuni ili kila mmoja atambulike.

Nilidhani siri yake ni fedha. Nikamkuta binti wa kujitolea mwenye daftari lililolowa jasho, akipita mti kwa mti. Siku hiyo alikuwa akikagua ndege weupe wa baharini ambao hawajengi kiota: hutaga yai moja juu ya tawi tupu. Akaniomba niandike, yeye atazame.

Tulipofika mti mmojawapo, niliona juma lililopita yai lilikuwapo, nami nikaandika 1 kabla hajainua macho.

“Padre, umeliona?”

Nikanyamaza. Tawi lilikuwa tupu.

“Basi andika sifuri. Tukinakili ya juma lililopita, ndege watakwisha nasi tukidhani wapo.”

Aliyasema kwa upole, tena hakujua alikuwa akisema na nani. Kwa miaka mitatu mfululizo, katika taarifa ya mwaka ya parokia, jumuiya moja ya kigango cha mbali niliijazia familia 32. Sikuwa nimekanyaga huko. Namba niliikuta kwa mtangulizi wangu, nikaiacha iendelee.

Niliporudi nyumbani nilikwenda, Jumamosi moja, kwa miguu kwa kuwa daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Tulisali chini ya mwembe, kisha nikatoa daftari, nikawahesabu mmoja mmoja. Familia zilikuwa 9.