Mama aliyeambiwa damu yake haitoshi

Mama huyo wa miaka 61, mzaliwa wa Tanga, aliumwa mgongo mwaka mzima akidhani ni kazi. Huko Dallas, Marekani, anakoishi na binti yake, kazi yake ni kuhudumia wazee: kuwageuza kitandani, kuwanyanyua, kuwaogesha. Nani asingeumwa mgongo? Alipovunjika ubavu kwa kukohoa tu ndipo ikagundulika ana mayeloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uloto, ile sehemu laini iliyo ndani ya mifupa.

Dawa za kwanza zilimsaidia karibu miaka miwili, kisha ugonjwa ukarudi. Daktari akamweleza kuwa kuna dawa mpya inayofanyiwa utafiti, na kwamba akitaka anaweza kuomba kuingia.

Hapo ndugu wakagawanyika. Kaka yake mkubwa, aliyeko Tanga, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Mdogo wangu, usikubali wakufanye panya wa maabara." Mama mmoja anayesali naye, Mmarekani mweusi, akamkumbusha habari ya Tuskegee, Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Hofu ya namna hiyo si ya kubezwa. Wapo ambao waliofanyiwa hivyo ni babu zao.

Binti naye alikuwa na lake. Alikuwa amesoma kwamba Wamarekani weusi hupata mayeloma zaidi ya mara mbili ya weupe, lakini katika utafiti wa dawa moja, ixazomib, iliyoidhinishwa nchini humo mwaka 2015, kati ya wagonjwa 722 weusi walikuwa 13 tu. "Sasa mama, dawa zikija, nani atajua zinafanyaje kazi kwa mtu kama wewe?"

Wiki mbili walibishana, jikoni, kwenye gari, usiku kwa simu na Tanga. Mwishowe mama akasema ameogesha wazee wa watu miaka 18, hawezi kushindwa na sindano. Akasaini fomu ya ridhaa.

Siku tatu baadaye simu ikaita. Hakukubaliwa. Seli nyeupe za kinga ziitwazo nyutrofili zilikuwa 1,200 katika mikrolita moja ya damu, na utafiti ulitaka zisipungue 1,500.

Wiki mbili za maneno, kumbe mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mama akasema basi, Mungu hakupanga. Binti hakuridhika. Alitoa chini ya kitanda mkoba ambamo mama huhifadhi kila karatasi tangu afike Marekani, akapekua majibu ya vipimo alivyokuwa akipimwa kazini. Mwaka 2009, nyutrofili 1,300. Mwaka 2014, 1,150. Hiyo ni kabla ya saratani, na mama hakuwa mtu wa kuugua ovyo.

Daktari alipoziona akaagiza kipimo cha kundi la damu liitwalo Duffy. Watu wengi sana wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye seli zao nyekundu, na kuikosa huwakinga dhidi ya malaria ya vivax. Watu hao huwa pia na nyutrofili chache katika damu inayochukuliwa mkononi, bila kinga yao kuwa dhaifu. Kiwango cha 1,500 kilitokana zaidi na damu za watu wenye asili ya Ulaya. Nguo ilishonwa kwa vipimo vya mwingine, mama akaambiwa ndiye mfupi.

Majibu yakaja: hana Duffy. Daktari akawaandikia wenye utafiti, nao wakajibu kwa heshima kwamba masharti hayabadilishwi kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Mama akaendelea na dawa nyingine iliyomtia ganzi miguuni, hadi miezi minne baadaye ulipofunguliwa utafiti mwingine uliokubali nyutrofili 1,000. Akasaini siku hiyohiyo, bila kikao.

Jioni alimpigia kaka yake. Hakumbembeleza akubali, alimwomba tu aende maabara akapime picha kamili ya damu. Mzee alilalamika kwamba haumwi kitu, lakini Jumamosi akatuma picha ya karatasi kwenye kundi la ukoo. Nyutrofili 1.28, yaani 1,280 kwa hesabu ya Dallas, na pembeni mshale unaoelekea chini.

"Hapa wamenipa vidonge vya kuongeza damu," akaandika. "Nivimeze?"