Mali Kauli na Mtaji wa Asiye na Hati

Katika mtaa wetu wa Majengo, Mombasa, mtu aweza kumiliki nyumba ya vyumba sita asiwe na kitu cha kuweka rehani. Kuta na paa ni zetu. Ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, nasi humlipa kodi ya kiwanja kama walivyomlipa wazee wetu. Jirani wa kulia anaishi katika nyumba ya wakfu, isiyouzwa wala kuwekwa rehani. Wa kushoto yumo katika nyumba ya mirathi isiyogawanywa, na nusu ya warithi wako Jeddah na Muscat. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilipoletwa pwani, aliyewahi kusajili alipata na asiyesajili akakosa, na athari yake tunakutana nayo hadi leo mbele ya meza ya afisa wa mikopo anapouliza, kwa adabu kabisa, kama tuna hati miliki.

Sisi ndugu watatu tulipoazimia kufungua kiduka cha leso na madera, hati hatukuwa nayo, na jina nalo lilikuwa na doa. Kaka yetu alikuwa akifanya kazi hotelini. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, mkopo wake ulibaki bila mlipaji na jina lake likaandikwa CRB. Wengi hawajui kwamba hata deni likimalizwa kulipwa, rekodi hiyo hubaki miaka 5. Wala hawajui kwamba kila mtu ana haki ya kupata nakala ya taarifa zake bure mara moja kwa mwaka. Inafaa kuiomba, kwa maana mara nyingine deni lililokwisha kulipwa huwa bado limeandikwa kuwa halijalipwa.

Mlango ulio karibu kuliko yote ni simu. Hauulizi hati wala mdhamini. Lakini na tupige hesabu. Mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5 huonekana mdogo: katika shilingi 10,000 ni 750 tu. Mfanyabiashara anayeuchukua upya kila mwezi atakuwa amelipa 9,000 kwa mwaka, na zile 10,000 bado anadaiwa. Kiduka gani cha leso kina faida ya namna hiyo? Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 2022 ni nafuu zaidi, asilimia 8 kwa mwaka, lakini kwa anayeogopa riba udogo wake hauibadilishi jina. Hazina ya Uwezo ya mwaka 2013 haitozi riba, ila hukata asilimia 3 za usimamizi. Nayo ni ya vikundi vya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa. Walio na kikundi wasiidharau. Benki za Kiislamu tunazo tangu 2008, na zinaweza kukununulia cherehani na kukuuzia kwa faida inayojulikana, lakini nazo huuliza dhamana na kulitazama jina.

Tukabaki na njia ya wazee: mali kauli. Mwenye mali hutoa bidhaa, mchukuzi hutoa neno lake, na pesa huja baada ya kuuza. Tajiri mmoja wa Biashara Street, aliyemjua marehemu baba yetu tangu enzi za kuuza nazi sokoni Mackinnon, alitupa korija moja ya leso na kutuambia, "Alhamisi ya pili nitawangoja." Bei yake ilikuwa juu kidogo kuliko ya taslimu. Wapo watakaosema hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Nasi tuliuliza hivyo hivyo. Jibu tulilopewa, na ndilo la wanazuoni wengi, ni kwamba yafaa maadamu bei moja imekatwa kabla ya muuzaji na mnunuzi kuachana, na haiongezwi hata shilingi mdeni akichelewa. Hapo ndipo ilipo tofauti na simu.

Leso zilituingiza mjini, lakini madera yalitaka vitambaa na fundi, yaani fedha taslimu. Shangazi yetu, mjane, aliuza bangili mbili akatupa shilingi 80,000 kwa mudharaba: mtaji wake, kazi yetu, faida asilimia 60 kwetu na 40 kwake. Ndiyo biashara aliyoifanya Bibi Khadija alipomkabidhi Mtume (s.a.w.) mali yake kuipeleka Sham kabla ya ndoa yao, dhamana yake ikiwa uaminifu. Tuliandika karatasi na kuweka mashahidi, maana aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu deni na kuandikwa kwake. Na ndugu wanahitaji karatasi kuliko wageni.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Masika ya mwaka wa pili, maji yalipenya paa la duka usiku mmoja na kuharibu madera ya shilingi 35,000. Hasara ilikula kwanza faida iliyokuwa haijagawanywa, 11,000, kisha ikaingia katika mtaji kwa 24,000. Wana wa shangazi walikuja juu. "Mama aliwakopesha, mama arudishiwe zake zote." Sheikh wa msikitini aliisoma karatasi, akauliza kama mali ilihifadhiwa kama wanavyohifadhi wafanyabiashara wengine, akaenda mwenyewe kulitazama lile paa. Akasema hakukuwa na uzembe: hasara ni ya mtaji, nasi tumepoteza jasho letu. Anayetaka sehemu ya faida huku mtaji wake umedhaminiwa, alisema, amekopesha kwa riba na kuipa jina zuri.

Hukumu ilikuwa sahihi, na bangili hazikurudi. Hilo hatulipambi. Mudharaba humwondolea mnyonge mmoja mzigo na yaweza kumtwika mnyonge mwingine, ndiyo maana tungependa kuwaona wenye maduka makubwa na magari ya abiria wakiingia katika shirika hizi kabla ya wajane. Wao wanaweza kupoteza 24,000 na kulala.

Shangazi aliwanyamazisha wanawe kwa maneno machache: "Karatasi hiyo nimetia kidole mwenyewe." Zile 56,000 zilizosalia hakuzitoa. Alitaka mambo mawili tu, faida iwe nusu kwa nusu na mali ipandishwe juu ya rafu za mbao, mbali na ukuta. Tuliandika karatasi mpya siku ya Ijumaa baada ya sala, na mwanawe mkubwa, aliyekuwa amepaza sauti kuliko wote, ndiye aliyetia saini kama shahidi wa pili.